Nani Anayechelewa?

Desemba 2022 nilikwenda nyumbani Kalemela, mkoani Simiyu, nikiwa na kompyuta mpakato, maikrofoni mbili, hedifoni, na kile kisanduku kidogo kinachoipokea sauti kutoka kwenye maikrofoni na kuigeuza kuwa namba. Nilikuwa na kazi moja tu ya kufanya: kurekodi nyimbo tisa za Baba Mkubwa. Nilirudi Dar es Salaam na mbili. Andiko hili linahusu zile saba zilizobaki, pamoja na namba moja niliyoiacha ndani ya kompyuta bila kuifikiria. Namba yenyewe ni 1024.

Baba Mkubwa alikuwa manju, au ningi kama tunavyosema Wasukuma. Tangu kabla sijazaliwa aliongoza nyimbo za kikundi cha kulima. Kikundi kilikwenda shamba la mtu, ngoma ikapigwa, majembe yakapanda na kushuka kwa pamoja, na yeye akatunga papo hapo kuhusu mwenye shamba, mke wa mwenye shamba, karani wa pamba aliyechezea mizani, na mtendaji aliyechelewa mkutanoni. Watu walicheka, wakalima. Nyingi ya tungo hizo ziliondoka na jasho la siku hiyo. Tisa zilibaki kichwani mwake, na aliwahi kunihesabia kwa vidole, akakikunja cha mwisho na kusema, “Hizi usiziache zinifuate.”

Hapo ndipo nilipoamua kuzirekodi, na vifaa nilikuwa navyo. Nilivinunua mwaka 2020, vyuo vilipofungwa kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei kwa sababu ya korona, nikawa narekodi mihadhara chumbani kwangu ili wanafunzi wasikose yote. Nilikuwa nikizungumza peke yangu, bila kujisikiliza, kisha nahariri usiku. Kompyuta ilipokwamakwama wakati wa kuhariri, mtu mmoja ofisini alinishauri nipandishe bafa hadi 1024. Nikapandisha, mikwaruzo ikaisha, nami nikasahau kwamba kuna kitu kinaitwa bafa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana na neno hilo, nitatumia mfano wa huku kwetu. Aliyetoka Geita kwenda Mwanza kabla ya mwaka 2025 alikijua kivuko cha Kigongo–Busisi. Kivuko hakikuvuka na gari moja. Kilingoja magari yajae, kisha kikavuka, kikashusha, kikarudi. Kompyuta nayo haivushi sauti punje kwa punje. Kwa kila sekunde hupokea sampuli 44,100 za sauti, na huzipakia kwa mafungu kabla ya kuzishughulikia. Ukubwa wa fungu moja ndio bafa. Ukichagua 1024, kompyuta hungoja sampuli 1024 zifike, yaani milisekunde 23 hivi, ndipo ivushe. Kwa kuwa sauti huingia kwa bafa na kutoka kwa bafa, hesabu inakuwa mara mbili: milisekunde 46. Ongeza muda wa kugeuza sauti kuwa namba na namba kuwa sauti tena, na muda wa njiani kwenye waya, unavuka 50. Ukichagua 64, kila fungu linasubiri milisekunde moja na nusu tu, lakini sasa kivuko kinavuka karibu mara 700 kwa sekunde, na nahodha hana nafasi ya kufuta jasho. Akichelewa safari moja tu, upande wa pili unabaki mtupu kwa kitambo, na sikio husikia mkwaruzo.

Milisekunde 50 ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Nami ningekuwa na amani nao kabisa, kama nisingempa mtu hedifoni.

Siku ya kwanza tulitundika magodoro ukutani katika chumba cha dada yangu ili kupunguza mwangwi. Asubuhi nilirekodi mpiga ngoma pamoja na akina mama watano walioitikia nyimbo hizo tangu ujana wao. Hakuna aliyevaa hedifoni. Waliisikia ngoma mle mle chumbani, na shangazi mmoja aliwaongoza kwa sauti ya chini. Kazi ilikwenda vizuri. Baba Mkubwa ningemrekodi alasiri, peke yake, ili sauti yake ikae safi kwenye mstari wake. Hivyo ndivyo wanavyofanya studio siku hizi, na nilitaka mambo yawe ya kitaalamu.

Alipofika alisalimia, “Mwadila,” akaketi, nikamweleza utaratibu. Alinisikiliza kwa adabu kama wazee wanavyowasikiliza wasomi. Kisha akauliza, “Hawa akina mama wameshaitikia?”

“Ndiyo, Baba Mkubwa. Asubuhi.”

“Wamemwitikia nani?”

Nilicheka. Sikujua kwamba swali lilikuwa zito kuliko nilivyolipokea. Nikamvisha hedifoni, nikabonyeza kitufe chekundu.

Alianza vizuri. Baada ya mistari miwili akaanza kuburuta. Ngoma ilikuwa ikienda mbele, yeye nyuma. Akijaribu kuikimbilia, akaipita. Nilisimamisha. “Baba Mkubwa, umechelewa kidogo.” Tukaanza tena. Mara ya pili ikawa mbaya zaidi: neno alilolijua miaka hamsini lilimkwama kinywani. Nikamwambia tena. Mara ya tatu nilimwonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Nilimwonyesha mzee wa miaka 78 vilima vya sauti ya ngoma juu na vilima vya sauti yake chini, nikamwekea kidole pale vilipoachana. “Unaona? Ngoma hapa, wewe hapa.”

Akavua hedifoni, akaiweka mapajani. “Mwanangu, si mimi ninayechelewa. Humu ndani kuna mtu mwingine. Ananiiga.”

Naandika hili kwa aibu: sikumwamini. Niliwaza umri. Niliwaza kwamba nimechelewa miaka mitano, kwamba manju amekwisha. Nilikwenda mbali zaidi, nikaanza kutafuta maneno ya upole ya kumwambia apumzike, nikarekodi na wale akina mama tu. Niseme pia kwamba pale kijijini watu wengi hunidhania daktari wa hospitali, na asubuhi ile ile jirani mmoja alikuwa ameniletea magoti yake niyatazame. Nilimweleza kwamba udaktari wangu ni wa vitabu. Alasiri nikamtambua mgonjwa bila kumpima.

Aliyeuokoa mchana ule ni kijana wa miaka 19, mtoto wa binamu yangu. Amemaliza kidato cha nne, na matokeo yake hayakumpeleka popote. Pale Lamadi, barabara kuu iendayo Musoma, ana chumba kimoja alichokifanya studio, na huwarekodia vijana wanaoimba kwa Kisukuma kwenye harusi na mavuno. Alikuwa amekuja kumsalimia babu yake. Alisimama mlangoni akatazama jaribio la tatu bila kusema neno, kisha akasema, “Shikamoo, baba mdogo. Bafa umeweka ngapi?”

Nilimjibu kwamba mambo ya bafa yalikuwa sawa. Akaomba aangalie. Alifungua ukurasa ambao sikuwa nimeufungua tangu 2020, akaguna. Kisha alinieleza kwa dakika tatu, na ninakiri kwamba ni mihadhara michache niliyoihudhuria iliyokuwa na mpangilio kama ule.

Sauti yako mwenyewe, alisema, unaisikia kwa njia mbili. Moja ni ya ndani, kupitia mifupa ya kichwa, na hiyo haichelewi. Ya pili sasa ilikuwa ikitoka kwenye maikrofoni, inaingia kwenye kompyuta, inasubiri kivuko, inarudi kwenye hedifoni. Babu alikuwa akijisikia mara mbili: sasa, na baada ya sasa. Yule mtu mwingine aliyekuwa akimwiga alikuwa yeye mwenyewe, aliyecheleweshwa na mashine. Kibaya zaidi, programu ya kurekodi inaujua ucheleweshaji wake na huusahihisha kimyakimya inapoipanga sauti kwenye mstari. Kwa hiyo nilipotazama kioo, kosa la mashine lilikuwa limefutwa. Lililobaki ni mashaka ya mwimbaji, yanayoonekana kama udhaifu wake.

Baadaye nilisoma zaidi. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 50 ni sawa na kumsikiliza mtu aliye umbali wa mita 17. Na mwaka 1950 Mmarekani Bernard Lee alichapisha matokeo kwamba msemaji fasaha akirudishiwa sauti yake ikiwa imechelewa kama sehemu ya tano ya sekunde, huanza kuburuta maneno, kurudia silabi, hata kugugumia. Kuchelewa kwangu kulikuwa robo ya huko, lakini kwa mtu ambaye kazi yake ni mapigo, robo inatosha.

Kijana alishusha hadi 128. Dakika hiyo hiyo umeme ukakatika. Kompyuta ikahamia kwenye betri, ikapunguza kasi ili kuhifadhi chaji, na mikwaruzo ikajaa kama mahindi kwenye kikaango. Akaanza kufunga vitu: kivinjari, tasnifu saba za wanafunzi zilizokuwa wazi, intaneti, programu saidizi ya kupunguza kelele ambayo nilikuwa nimeiacha ikifanya kazi bila sababu. Mikwaruzo ikapungua, haikuisha. Akapanda hadi 256, ikaisha. Kwa hesabu ya kuingia na kutoka, pamoja na nyongeza ya njiani, sasa tulikuwa kwenye milisekunde kama 15. Mita tano.

Baba Mkubwa akajaribu mistari miwili. “Amesogea karibu,” alisema. “Lakini bado yumo.”

Kijana akakigeuza kile kisanduku cha sauti, akatafuta upande wa mbele, akabonyeza kitufe ambacho kwa miaka miwili na nusu nilikidhania pambo. Kitufe hicho huipeleka sauti ya maikrofoni moja kwa moja kwenye hedifoni, bila kuipitisha kwenye kompyuta. Kisha akaizima ile sauti inayorudi kutoka kwenye programu, kwani zikibaki zote mbili yule mwigaji angerudi. Akamwambia babu yake aache sikio moja nje.

Baba Mkubwa akaimba mstari mmoja, akatabasamu. “Ametoka.”

Aliimba nyimbo mbili, kila moja mara moja tu, na hakuna mahali ninapoweza kuweka kidole. Kisha akakohoa na kusema amechoka. Ng'ombe walikuwa wakirudi. Tulikuwa tumetumia zaidi ya saa moja na nusu kumwambia kwamba anachelewa, na mzee ana kiasi chake cha alasiri. “Kesho,” alisema. Lakini kesho yake alfajiri nilikuwa na safari. Kulikuwa na kikao cha mitihani chuoni ambacho leo siwezi hata kukumbuka kiliamua nini. Nikamwahidi Pasaka.

Wasomaji wa ukurasa huu mmezoea nizungumzie vikao, bajeti na sheria, na huenda mnajiuliza kwa nini leo ninawasimulia habari za namba za kompyuta. Ni kwa sababu tangu siku ile siwezi kuusikia msemo “mwamko mdogo” bila kukiona kidole changu kwenye kioo. Ni msemo wetu sote: maofisa, watafiti, wafadhili. Wananchi wana mwamko mdogo wa kuhudhuria mikutano, kulipia bima, kufuata kilimo cha kisasa. Nimeuandika mwenyewe katika ripoti mbili na nimelipwa. Sasa ninajiuliza mambo ambayo kijana yule angeuliza kwanza. Mkulima anayepeleka pamba ghalani mwezi wa Juni na kulipwa baada ya miezi, anajisikia akiwa wapi katika msimu unaofuata? Kijiji kinachotoa maoni yake katika mkutano mkuu, ambao kwa sheria unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na majibu yakafika wakati wenyekiti wamekwisha kubadilika, kiendelee kuongea kwa mapigo gani? Na sisi juu, kwenye kioo chetu, kila kitu kimepangwa sawasawa. Ripoti ya robo mwaka imeshasahihisha kuchelewa kwetu. Kinachoonekana ni mwananchi anayeburuta.

Lile swali la Baba Mkubwa ndilo linaloniuma zaidi. Wamemwitikia nani? Nimekaa katika warsha za ushirikishwaji ambako maazimio yalikuwa yamechapwa kabla washiriki hawajapanda basi. Kiitikio kimerekodiwa asubuhi, manju anaitwa alasiri kuja kujaza nafasi iliyobaki.

Lakini nisiwape mafuta wale wanaotaka kila kitu kifanywe papo hapo. Bafa kubwa haikubuniwa na wavivu. Unapochanganya sauti ishirini, ukiwa huna mwimbaji anayesubiri, unapandisha hadi 1024 na hata 2048, kwa sababu kazi ni nzito na kuchelewa hakumdhuru mtu. Mahakama inahitaji muda wa namna hiyo. Kamati ya Bunge inayosoma mkataba inauhitaji, na ningependa ingeuchukua zaidi. Tumeyaona pia matokeo ya kulazimisha 64 kwenye mashine isiyoweza: tamko jukwaani, mtumishi kasimamishwa mbele ya maikrofoni huku umati ukishangilia, na wiki mbili baadaye barua ya kumrudisha kimyakimya. Hiyo ni mikwaruzo. Kijana wa Lamadi hakuwa na namba moja anayoipenda. Kabla ya kugusa chochote aliuliza nani anajisikiliza, na mashine inaweza nini.

Jambo jingine lilinijia baadaye, nikiwa Dar es Salaam. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi wanamuziki, wakiwemo wa usukumani, na kazi hizo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo ipo Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Waimbaji wake walisimama pamoja uwanjani kama walivyozoea, na yeye akawasogezea maikrofoni. Hata bendi za Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga pamoja, bendi nzima katika chumba kimoja. Tatizo langu la bafa lilizaliwa siku nilipoamua kuwatenga ili kila sauti iwe safi. Nilimweleza hivyo Baba Mkubwa kwa simu mwezi Februari, naye akanipa jambo ambalo halimo katika kitabu chochote nilichosoma. Shambani, alisema, mstari wa wakulima ulikuwa mrefu, na aliye mwisho kabisa huisikia ngoma ikiwa imechelewa. “Ndiyo maana hawaifuati ngoma. Wanafuata jembe la jirani. Jembe unaliona.”

Tulikubaliana kwamba Pasaka tungekaa uani, wote kwa pamoja, maikrofoni mbili, bila hedifoni. Katika hali hiyo hata ile 1024 yangu isingemdhuru mtu.

Wiki mbili kabla ya Pasaka, Aprili 2023, alipata kiharusi. Amepona kiasi, anakula, anawatambua watu, anacheka. Maneno hayatoki. Hutoka silabi moja au mbili, kisha anatikisa kichwa na kuacha.

Yale majaribio matatu mabaya sikuyafuta. Awali niliyaficha kwenye folda nisiyoifungua. Sasa huyasikiliza, kwa sababu kati ya la pili na la tatu, wakati nikimsubiri, alinong'ona mstari wa kwanza wa wimbo ambao hatukufika kuurekodi, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Ni sekunde kumi na moja. Shangazi yule aliyewaongoza wenzake asubuhi ile amezisikiliza kwa simu, akasema wimbo anaujua, na kwamba akina mama wanakumbuka minne kati ya ile saba, ingawa wanabishana juu ya mmoja.

Mwezi ujao, nikimaliza kusahihisha mitihani, nitakwenda tena. Kijana ndiye atakayeshika kompyuta. Mimi nimepewa kazi ya kubeba magodoro, na nimeambiwa magodoro yenyewe hayatahitajika. Baba Mkubwa atawekewa kiti karibu na ngoma. Wiki iliyopita mpwa wangu alinitumia picha ya video: akina mama wanajaribu wimbo ule wanaoubishania, na yeye pembeni ameketi, mkono wa kushoto ukigonga goti. Nimeitazama mara nyingi. Video za simu mara nyingine huchelewesha sauti, kwa hiyo nilimpigia mpwa nikamuuliza kama mkono ulikuwa ukienda na ngoma. Akasema akina mama walikuwa wakiutazama huo mkono.